Netta Gourlay Atia Saini Kitabu cha Wageni

Zamani mgeni wa mji wetu wa Stirling, Uskoti, alibonyeza kengele akafunguliwa na mtu. Siku hizi anabofya tarakimu kwenye kisanduku ukutani, anachukua ufunguo, analala, anaondoka, na hakuna atakayejua kama alikuwa anaumwa.

Miaka thelathini na moja nilipeleka skonzi za asubuhi kwa akina Gourlay, dada wawili wasioolewa waliolaza wageni katika nyumba yao chini ya ngome. Netta, mkubwa, alipika. Ishbel alipokea. Wageni walikaa meza moja wakala uji wa chumvi, na aliyeomba sukari alitazamwa mpaka akaghairi.

"Dod, skonzi zako leo mawe matupu," Netta alikuwa akinipokea. "Unataka wageni waniachie meno?"

"Zichovye kwenye chai yako, bibi. Ile inayeyusha hata vijiko."

Mgeni akiondoka alitia saini kitabu, akafungiwa skonzi za njiani, na dada wote wawili wakasimama mlangoni wakimpungia mpaka apinde kona. Hata mvua inyeshe. Kuingia ndani kabla ya hapo ilikuwa kumtukana.

Kisha akili ya Netta ikaanza kumtoka. Aliandaa meza ya watu wanane na nyumba haina mgeni, maana wageni walishahamia kwenye nyumba za visanduku vya funguo. Ishbel aliapa kwamba dada yake hatatoka pale. Lakini jiko lilisahauliwa likiwaka, mara mbili, na mara ya tatu pazia likashika moto. Ishbel, naye ana miaka themanini, akakubali nafasi moja, ya Netta, katika nyumba ya wazee kule Alloa, mji wa jirani. Tatizo, kila alipotajiwa kuhama, Netta alikumbatia nguzo ya ngazi akalia kama mtoto.

Asubuhi ya kuja gari nilikuta meza imeandaliwa kwa mtu mmoja. Ishbel alikuwa amevaa aproni ya dada yake.

"Umelala salama, mama?" alimuuliza Netta, kwa sauti ileile ya kupokea wageni.

"Salama kabisa," Netta akajibu, koti mwilini. "Ila uji umepungua chumvi."

"Mpishi wetu hayupo leo, mama. Utusamehe."

"Mwambieni aache uvivu."

Nilitazama sakafu. Ishbel akamletea kitabu. Netta akaandika polepole, kwa mwandiko wa shule: Nyumba safi. Wenyeji wakarimu. Nitarudi. Akapokea skonzi zake, akashuka ngazi mwenyewe, hakuna aliyemshika, na akamshukuru dereva kwa kumfungulia mlango.

Mvua ilikuwa inanyesha. Ishbel alisimama mlangoni peke yake akipunga. Netta akageuka kwenye kioo cha nyuma, akapunga kama wageni wote, kwa furaha, mpaka gari likapinda kona. Sikuwaona tena pamoja.

"Ingia ndani, Ishbel," nilisema. "Ameshapinda."

"Najua, Dod," akasema, na mkono haukushuka.