Wifi Aliponituma Sisibo

Wifi yangu alikufa bila kuniomba msamaha, na mimi sijamsamehe. Nasema mapema ili mtu asikae hapa akingoja machozi ya mwisho. Hayako.

Ilikuwa likizo ya Agosti, miaka ile ya chama kimoja, wakati picha ya rais ilitundikwa katika kila duka, hata lile la kuuza misumari. Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Eldoret, nami nilikuwa kwao, upande wa Bungoma, nikilima na kulea. Shule zilipofungwa akatuma neno nije na watoto wetu wawili tumtembelee. Akaongeza jambo lililonikosesha usingizi: nikiuweza mji, tuhamie kabisa, mkubwa aanze shule huko Januari. Tangu tuoane nilikuwa mke wa Krismasi na Pasaka. Nilikuwa nimechoka.

Lakini katika nyumba yake ya mtaa wa Pioneer, chumba kimoja na pazia katikati, alikuwa anakaa dada yake. Alikuja ati kumpikia kaka, akang'ang'ania hapo. Sisi tukihamia, yeye hana mahali. Alilijua hilo kabla mimi sijafungua begi.

Na baridi ya Agosti Eldoret si ya mchezo. Asubuhi ukipumua unatoa moshi, mchana mvua nyembamba inaanza na haina haraka ya kwisha. Hata hivyo asubuhi moja, mume akiwa kazini, nikamwambia wifi nataka kuuona mji.

"Nyumbani kila anayetoka huku anasema ametoka Sisibo," nikamuuliza. "Sisibo ndiyo wapi?"

Aliweka kikombe chini polepole. "Wifi, hapa ni Eldoret tu. Sisibo ni mji mwingine, uko mbele. Vuka mto, pita maduka ya Wahindi, fuata barabara. Usiogope kuuliza watu."

Usiogope kuuliza watu! Hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Nikamfunga mdogo mgongoni, nikamshika mkubwa mkono, tukaenda. Tukavuka mto Sosiani, tukapita maduka na benki bila kusimama, maana mji wangu ulikuwa mbele. Maduka yakaisha. Tukabaki na mashamba ya ngano na malori yanayoturushia matope. Mkubwa akaanza kulia kwamba vidole vimekufa ganzi, nikageuka, nikaanza kuuliza. Askari wa benki aliniuliza mara mbili ninatafuta nini, kisha akamwita mwenzake aje asikie. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Aliyenihurumia ni mama mmoja wa kuchoma mahindi. "Mama, nani amekutuma? Sisibo si ndiyo hii umesimama?" Akanieleza kwamba zamani wazungu walipogawana mashamba, mji ulianzia kwenye shamba namba sitini na nne, kwa Kizungu siksti foo, na midomo ya watu ikaligeuza hilo kuwa Sisibo. Eldoret na Sisibo ni kitu kimoja. Akampa mtoto hindi la moto ashike, apate joto mikononi.

Nilirudi nimelowa chepechepe. Pale kwenye mfereji wa maji wanawake wa ploti, wapangaji wenzetu, walikuwa washaambiwa. "Mama, umefika Sisibo? Kuko aje huko?" Wakaangua kicheko. Hayo ningeyavumilia. Lakini jioni, tukila ugali, wifi aliisimulia upya mbele ya kaka yake, akiniigiza sauti na mwendo, na mume wangu akacheka mpaka akakohoa. Alipomaliza akapangusa mdomo. "Hii mambo ya kuhama tungoje kwanza. Naona mji utakushinda." Wifi akamwongezea mboga.

Sikulia. Nilisema moyoni, wewe mwanamke, utakiona cha mtema kuni.

Kuanzia kesho yake nikautembea ule mji wote kwa miguu. Mvua isiwe mvua, baridi isiwe baridi. Watoto niliwavalisha sweta juu ya sweta, tukaenda sokoni, tukaenda stesheni ya reli, tukapita vichochoro vya nyuma ya maduka mpaka mkubwa akawa ananiambia yeye ni wapi pa kukata kona. Wifi aliniona nikirudi na matope, akacheka. Nikamwacha acheke.

Kisha akaja baba mkwe. Macho yalikuwa yanamsumbua, na kulikuwa na daktari wa macho, Mhindi, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Mume alikuwa kazini, kwa hiyo binti ndiye wa kumpeleka. "Huu mji naujua kama kiganja changu, Baba," akasema. Mimi nikaambiwa nifuate na watoto, nibebe mwavuli na chakula.

Sasa, kwetu mkaza mwana hatembei bega kwa bega na baba mkwe. Hamkatizi maneno, hamwelekezi. Anafuata nyuma kwa mbali, kimya. Ndiyo heshima.

Nami siku hiyo nilikuwa na heshima kupita kiasi! Kumbe wifi, miaka yote ile, alijua njia ya soko na ya kanisa, basi. Tulipita chini ya ghorofa ya daktari, nikaliona lile jicho kubwa la tangazo lake lililochorwa ukutani, nikainamisha kichwa kama mkaza mwana mwenye adabu. Tukazunguka. Tukalipita tena. Wifi akaanza kunigeukia, akiniomba kwa macho. Mimi nikawa namfunga mtoto vifungo vya sweta. Mzee nilimhurumia, viatu vilikuwa vimejaa maji. Lakini si sana.

Hatimaye Mzee alisimama kwenye baraza la duka, akageuka, akasema nami moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mama watoto. Wewe unapajua?"

"Napajua, Baba. Tumepapita mara mbili."

"Na umenyamaza?"

"Nilikuwa nyuma, Baba."

Alimgeukia binti yake. "Basi wewe rudi nyuma," akamwambia. Nikatangulia.

Jioni, macho yakiwa na dawa, Mzee alimwambia mwanawe, "Mke wako anabaki hapa na watoto. Huyu mwingine narudi naye kesho." Mume akafungua mdomo. "Sijakuuliza," Mzee akasema.

Asubuhi niliwasindikiza mpaka stendi. Sanduku la wifi nililibeba mimi, kichwani, kwa furaha. Mzee alipokwisha kukaa, wifi akabaki mlangoni mwa gari, macho mekundu. "Umefurahi sasa."

"Sana," nikasema. "Kule nyumbani jembe langu liko nyuma ya mlango wa jikoni. Shamba la kando ya mto halijapaliliwa. Anza na hilo."