Mjomba Alisema Sijafika Porini

Kila msimu wa asali mimi na mjomba, kaka yake mama, tuliingia msituni kusini mwa Itigi. Yeye alitangulia kwa baiskeli, nyuma amefunga kopo la mavi makavu ya tembo yanayofuka moshi, kwa sababu mbung'o hawaupendi moshi ule. Mimi nilimfuata ndani ya moshi huo, nikikohoa na kutokwa machozi, na mbung'o hawakunigusa. Yeye mbele ndiye aliyeumwa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mjomba hakunipenda. Afadhali asingenipenda.

Magari ya watalii yalitupita yakielekea Rungwa, vioo vimefungwa mpaka juu. Tuliwacheka. Mjomba alisema wale watu wamelipa pesa kuja kuuona msitu, halafu wanauogopa.

Katika kambi yetu warina asali kulikuwa na neno moja lisilotamkwa, nalo ni malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Babu, baba wa mama na mjomba, alikuwa mtoto mdogo serikali ya kikoloni ilipowatoa watu msituni kwa ajili ya ugonjwa huo. Nyumba zilichomwa nyuma yao na mizinga ya nyuki ikabaki inaning'inia juu ya miti. Tangu hapo, mtu wa kwetu akishikwa na homa porini husemwa ana uchovu, anarudishwa nyumbani kimyakimya. Nilikua nikiuona mwiko huo kuwa kitu cha kawaida, kama kutopiga mluzi karibu na mzinga.

Mwaka ule mjomba alipeleka asali mjini, akaniacha nilinde kambi. Kopo lilikwenda naye. Shati langu lilikuwa limechanika, nikavaa ovaroli yake kuukuu ya buluu. Sikujua kwamba buluu ndiyo rangi inayowaita mbung'o. Watalii walikuwa wameshaambiwa wasiivae. Aliporudi alinikuta na kidonda shingoni, chekundu, kimevimba. Alikitazama kwa muda mrefu, akasema ni jipu, akanipaka asali.

Homa ilipopanda alinipeleka kituo cha afya. Daktari aliuliza kama nimekuwa porini. Mjomba akajibu kwamba mimi ni mtu wa mjini, nauza dukani Unyambwa, nimekuja kusalimia tu. Nilimsikia. Nilitaka kusema, lakini ulimi ulikuwa mzito na maneno yalinipotea kabla hayajafika mdomoni. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, nikapewa vidonge vya homa, tukarudi nyumbani kwake.

Nikaanza kulala mchana na kukesha usiku. Nilisinzia na uji mdomoni. Nilimtukana mke wa mjomba, mama wa watu aliyekuwa akinifulia nguo, na sikumbuki hata neno moja. Majirani walisema nimerogwa, na mjomba hakuwakatalia.

Mama alipopata habari alikuja kutoka Kintinku. Aliniosha, akaona kovu shingoni, akaanza kufungasha nguo zangu. Tulirudi kituoni sote watatu. Daktari aliuliza swali lilelile na mjomba akaanza tena habari za duka la Unyambwa. Mama hakuwahi kumkatiza kaka yake tangu utoto wao. Siku hiyo alisimama.

"Daktari, mwanangu katoka porini. Kaumwa na mbung'o. Huyu kaka yangu anakudanganya."

Mjomba alichukua kofia yake akatoka. Damu yangu ilipotazamwa kwa darubini, wadudu wa malale walionekana. Nikapelekwa hospitali kubwa, nikatolewa maji ya mgongoni, nikachomwa sindano ambazo sitaki kuzikumbuka. Daktari wa huko alimwambia mama kwamba tungechelewa kidogo tu, angerudi nyumbani na maiti.

Nilipopata nguvu nilimuuliza mama kwa nini. Alisema mjomba alikijua kile kidonda tangu siku ya kwanza, na kwamba baadaye alimwambia yeye waziwazi: neno lile likitamkwa, tutahamishwa kama alivyohamishwa baba yetu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikivaa kabisa.

Watu wa afya walikwenda kambini, wakapima kila mtu, wakatundika vitambaa vya buluu vyenye sumu ya mbung'o. Hakuna aliyehamishwa. Mizinga ipo mpaka leo.

Mjomba alikuja Kintinku baada ya mavuno, na ndoo ya asali kwenye baiskeli. Nilikuwa nimekaa uani, nimekonda, natembelea fimbo. Niliinuka kwa shida nikamwamkia, kwa kuwa mjomba ni mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

Alitazama nyuma yake kwanza, akasogea karibu, akashusha sauti.

"Ni wewe uliyewaonyesha kambi ilipo?"

Nilisubiri marahaba yangu. Alipokumbuka kuitoa, nilikuwa nimeshaingia ndani.