Karasha la Bure Pale Masumbwe

Siku ile karasha la bure lilipowashwa pale Masumbwe naikumbuka vizuri, Nyamizi mwanangu, kwa sababu mji mzima ulipiga vigelegele na mama yangu mkubwa peke yake akanuna. Nilikuwa msichana, nakaa kwake. Mumewe alikuwa amefariki akamwachia karasha moja dogo la kusagia mawe ya dhahabu, na ndilo lililotulisha. Wachimbaji walileta viroba vyao, tukawasagia, wakaosha, wakaondoka na dhahabu yao. Ule mchanga unaobaki baada ya kuosha, yaani marudio, mwenye mawe akitaka alibeba, asipotaka alituachia. Hakuna aliyegombania mchanga siku zile.

Basi akaja bwana mmoja kutoka huko alikotoka. Simtaji jina, sisi tulimwita Bosi Bure. Akasimamisha makarasha makubwa kando ya barabara, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kwake kusaga ni bure. Bure kabisa, na soda juu! Nikakimbia nyumbani kumweleza mama mkubwa kwamba tumeletewa mkombozi. Alikuwa anapepeta mpunga. Hata kichwa hakuinua.

"Usinieleze anasaga kwa bei gani," akaniambia. "Nieleze anabaki na nini."

Mimi nikamwona ana wivu tu, mwanamke mzima anaogopa kukimbiwa na wateja, na nikamwambia hivyo hivyo kwa mdomo wangu huu. Hakunipiga. Alinijazia kiroba kimoja cha mawe, akanituma kwa huyo mkombozi wangu nikasagishe, na nikimaliza niombe marudio yangu nirudi nayo.

Nikaenda. Walinisagia upesi, unga laini, sisi tulikuwa hatuwezi kusaga namna ile, lazima niseme kweli. Nikaosha, nikapata vipunje vyangu, nikaanza kuzoa mchanga. Kijana wa pale akaja akakanyaga koleo langu. "Dada, umesagiwa bure, halafu unataka na marudio? Marudio ni ya Bosi." Nikachungulia nyuma yake nikaona uzio, na ndani ya uzio umelundikwa mchanga wetu wote, mchana kweupe, lori linapakia. Baadaye ndipo tukaja kuelewa kwamba alikuwa anaupeleka kuchenjuliwa kwa dawa, na huko ulikuwa unatoa dhahabu nyingi kuliko ile tuliyokuwa tunaondoka nayo huku tunachekelea.

Nilipowaeleza watu, waliniziba mdomo. Nani anataka kuharibiwa bure yake? Karasha dogo la kwanza pale mjini likafungwa, jingine likafuata, la mama mkubwa likabaki linanguruma bila mawe. Jikoni kwetu moto ukawa unawashwa mara moja kwa siku. Ndipo watu wa Bosi wakaja, wapole mno, shikamoo mama, shikamoo mama, wakitaka kulinunua. Akauza. Angefanyaje, na sisi watoto tunamwangalia?

Unajua walilifanyia nini? Hawakuliwasha hata mara moja. Walilitupa ndani ya uzio, mvua ikalinyeshea, majani yakaota kwenye gurudumu. Kila tukienda sokoni tulilipita. Mama mkubwa akavumilia, akavumilia, siku moja akasimama pale machozi yakamtoka.

"Mashine hawakuwa na shida nayo hawa," akasema. "Wamenunua mahali petu pa kukimbilia."

Haikupita muda bure ikaisha. Kusaga kukawa ghali kuliko zamani, marudio yakabaki ya Bosi, na dhahabu yako ukaambiwa umuuzie mnunuzi wake, pale pale getini. Ukikataa unaenda wapi? Mama mkubwa alimalizia maisha yake akiponda mawe ya watu kwa nyundo, yeye aliyekuwa na karasha. Uchungu ule ninao mpaka leo.

Sasa wewe, binti wa kaka yangu, ndiye mwalimu wa sheria ya ushindani wa biashara huko chuo kikuu. Juzi ulinichekesha na habari za maprofesa wenu wawili waliogombana mpaka hawasalimiani. Mmoja anasema sheria iangalie bei anayolipa mteja, basi. Bei ikishuka, mfanyabiashara mkubwa aachwe, amekua kwa sababu kazi anaiweza. Mwenzake anasema iangalie nguvu aliyonayo huyo mkubwa, hata kama bei ni sifuri. Mimi nawashuku wote wawili. Huyu wa bei angekuwepo Masumbwe angekunywa soda na sisi. Na huyu mwingine naye asiwalilie wadogo kupita kiasi. Mikanda ya mashine yetu ilikuwa haiishi kukatika, na niliwahi kuwakuta wenye makarasha madogo wamejibanza mgahawani wanapanga bei moja. Waliponiona wakaanza kuongelea mvua. Mama mkubwa alikuwemo!

Tulicheka sana, mpaka uliponiambia lile jingine. Kwamba kuna kampuni inataka kununua makarasha yote ya machimbo ya Segese pamoja na mitambo ya kuchenjulia marudio, na imekuomba wewe uandike maoni ya kitaalamu kuwa hakuna ubaya, maana bei ya kusaga itashuka. Ukasema, shangazi niombee. Nikajifanya nakoroga uji.

Nitakuombea, mwanangu. Lakini kabla hujaandika, panda gari uende Segese. Usianzie ofisini kwao, watakupa kiti kizuri na maneno mazuri. Anzia kwa wanawake wanaoosha mchanga. Wasalimie vizuri, uwaulize marudio ni ya nani leo na yatakuwa ya nani kesho. Waulize wasiporidhika watapeleka mawe yao wapi. Wakikutajia mahali, nenda ukapaone kwa macho yako; ukikuta kweli pana karasha linalowaka, andika unavyotaka na mimi nitanyamaza. Wakikosa pa kukutajia, hiyo bei ya chini ni ya kupita tu, usiitilie sahihi. Na vyovyote utakavyoandika, juu kabisa, kabla ya digrii zako, weka jina la aliyekulipa uandike. Wanafunzi wako wana haki ya kukushuku. Mimi mwenyewe nakushuku hivi sasa, na hakuna ninayempenda kama wewe.

Mungu akupe macho makali na mkono usio na haraka ya kusaini. Na siku utakapomwambia mkubwa hapana, akujalie pa kula na pa kulala. Ukikosa, njoo kwangu.