Upande wa Jawad

Bi Ghita aliichukia simu ile tangu siku ilipofika kwa posta kutoka ng'ambo, Rotterdam. Mwanawe Jawad, aliyeishi huko, alimwomba jirani, Zuhur, amfundishe mama kuitumia, asizeeke na upweke. Mimi nilikuwa mpangaji wa chumba cha juu, na kila Ijumaa baada ya sala niliitwa kula kuskusi, chengachenga za ngano zilizopikwa kwa mvuke, pamoja nao.

Sinia ni moja na kila mtu hula upande wake. Upande wa kuelekea mlangoni ulikuwa wa Jawad. Miaka sita hakuwa amekanyaga mji wetu wa Sefru, na bado mama yake aliujaza boga, karoti na mfupa wenye uboho. Zuhur akaiegemeza simu kwenye bilauri upande huo huo. Jawad akatokea, kidevu kwanza, uso umepauka kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Unaona, mama? Ni kama tunakula pamoja."

"Unakula nini?"

"Mkate na jibini."

"Basi hatuli pamoja."

Zuhur akacheka. Bi Ghita akamtazama mpaka kicheko kikamkauka.

"Sikukuu ya kuchinja utakuja?" Alikuwa akiuliza hivyo kila Ijumaa tangu simu ifike.

"Mama, hata zamani nilipokuwa nikija, tulionana mara moja kwa mwaka. Sasa ni kila wiki. Si umepata zaidi?"

"Kondoo nani atamshika miguu?"

"Zuhur atakutafutia mtu."

"Kichwa nani atakibabua?"

"Huyo huyo."

"Na jeneza langu? Huyo huyo?"

"Usianze, mama."

"Sianzi. Namaliza."

Aliula upande wake wote bila haraka, akanawa mikono. Kisha akainamisha simu, ikawa inatazama lile rundo la kuskusi ambalo hakuna aliyeligusa.

"Inukeni," alituambia. "Mwacheni akae na chakula chake."

Tukatoka uani. Nyuma yetu sauti iliendelea, ndogo, ikitafuta mtu. "Mama? Mama, naona boga tu." Mafuta yalikuwa yameanza kuganda. Bi Ghita alianika mashuka, akiyakung'uta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa iliyofuata simu iliita kutoka ndani ya pipa la unga. Zuhur akanyanyuka.

"Kaa," alisema Bi Ghita, huku akipakua upande wa mlangoni kwanza, kama kawaida. "Mwenye upande huu mlango anaujua."

Iliita mpaka ikachoka. Tukala.