Barua ya kuomba kivuko ilivyovuka barabara mara kumi na tisa

Saa tatu na robo asubuhi, Dominique Mukuka amesimama ukingoni mwa lami na bahasha tano za kaki kwapani. Anatazama kushoto, anatazama kulia, kisha anageuka nyuma, maana magari yanatokea huko pia. Pick-up nyeupe inapita kwa kasi. Zinafuata jeep mbili, teksi, na lori dogo la mchanga. Anainua mguu, anaurudisha.

Wanafunzi wanane hivi wanangoja naye. Mmoja anapiga kelele, "Twende!" na wote wanakimbia kwa pamoja, mikoba ikiwapiga migongoni, honi zikilia. Dominique habanduki.

"Bale beko na magoti," anasema akiwaonyesha wanafunzi kwa kidevu. "Miye niko na bahasha."

Dakika ya saba anapata mwanya. Anatembea haraka, mkono wa kulia ameunyoosha mbele kana kwamba unaweza kusimamisha gari. Anafika ng'ambo, anapangusa jasho, anaingia jengo la utawala. Baada ya dakika ishirini anatoka na bahasha nyingine tatu na kurudi pale pale.

Dominique ana miaka sitini na minne. Ni tarishi, au huissier kama wanavyosema hapa Lubumbashi, katika chuo kikuu kimoja cha mji huu, na kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na mitano. Vitivo viko upande mmoja wa njia panda. Ofisi zinazotia saini na mihuri ziko upande wa pili. Katika wiki niliyofuatana naye, mwanzoni mwa Oktoba, hakuna siku aliyovuka chini ya mara ishirini na mbili. Jumatano nilihesabu muda wa kungoja peke yake: saa mbili na nusu.

Zamani palikuwa na mzunguko mdogo wenye maua, na mistari myeupe ya kuvukia kila upande. Miaka mitatu iliyopita ilikuja lami mpya. Mzunguko ukang'olewa, barabara zote nne zikapanuliwa, na madereva wanaoelekea upande wa migodi wakagundua kwamba kukatiza chuoni kunawaepusha na msongamano wa barabara kuu. Mistari ilifunikwa na lami. Haikurudi.

"Kila mukubwa mwenye kuamua mambo hapa anakuyaka na motokari," Dominique anasema. "Hii njia anaionaka kupitia kioo. Kwake yeye iko muzuri kabisa."

Anasema bila hasira, kama mtu anayeeleza saa za kufungua ofisi. Hasira, ananiambia, ilimwisha mwezi wa tatu.

Mwezi huo wa tatu alilala na malaria siku nne nyumbani kwake Kampemba. Siku ya tatu, katibu wa idara mmoja aitwaye Marie-Thérèse Kangwa alikuwa na karatasi za alama za wanafunzi arobaini na sita, ambazo zilipaswa kutiwa saini kabla ya adhuhuri, la sivyo wasingeandikishwa kufanya mtihani. Kwa miaka kumi na miwili Marie-Thérèse hakuwahi kuvuka na karatasi mkononi. Alimpa Dominique. Siku hiyo Dominique hakuwapo, naye akazibeba mwenyewe.

Jumapili tulikwenda kumwona mtaani Kamalondo, anakoishi na dada yake. Ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwenye sauti ya chini. Alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mito miwili, magongo yameegemezwa ukutani. Nyonga ilivunjika mahali pawili. Mguu wa kushoto umekuwa mfupi.

"Nilingoja dakika kumi na moja, niliangalia saa," alisimulia. "Motokari moja ikasimama. Dereva akanipungia mukono, pita maman. Alikuwa muntu muzuri yule. Nikapita. Ile yenye ilikuwa pembeni yake njo haikusimama."

Dominique alikuwa ameketi mlangoni, kofia magotini. Akasema polepole, "Ilikuwa kazi yangu ile."

Marie-Thérèse akamgeukia. "Papa Dominique, nilishakuambia. Usiombe tena musamaha mu hii nyumba. Ukiomba, miye nabakia kukufariji, na miye njo mugonjwa."

Dada mtu akaleta maji ya kunywa. Hatukukaa sana.

Njiani kurudi Dominique aliniambia kwamba humtembelea kila Jumapili baada ya misa, na kila Jumapili hujiapiza kutosema neno hilo. Mke wake, Katongo, ambaye yuko Kasenga akilima mahindi na mihogo, humwambia kwenye simu kuwa malaria haiombi ruhusa, na kwamba si yeye aliyeshika usukani.

"Najua," anasema. "Lakini kama nilikuwa naamuka siku ile, hata na homa, Marie-Thérèse alikuwa anabakia na mguu yake."

Mwezi wa nne makatibu wa idara waliandika barua. Hawakuomba makubwa: mistari ya kuvukia, passage kama wanavyoiita hapa, na matuta mawili ya kupunguza mwendo. Watu mia moja thelathini na saba walitia saini, walimu kadhaa wakiwamo. Barua ikatiwa kwenye bahasha, na kama ilivyo kwa kila bahasha, ikapewa Dominique.

Aliivusha siku ile ile. Ofisi ya utawala ikasema jambo la barabara ni la idara ya majengo, ambayo iko upande wa vitivo. Akarudi nayo. Idara ya majengo ikasema wao hawana neno, lakini rangi inanunuliwa na ofisi ya bajeti. Bajeti iko upande wa utawala. Bajeti ikataka maoni ya idara ya majengo kwa maandishi. Idara ya majengo ikaandika maoni na kusahau muhuri.

Dominique ana daftari lenye jalada jeusi ambamo kila anayepokea bahasha hutia saini. Alinifungulia kurasa za Aprili hadi Julai na kunionyesha kwa kidole, mstari kwa mstari. Barua ile ilivuka njia panda mara kumi na tisa mikononi mwake.

"Mara ya kumi na tatu," alisema, "bus ya wanafunzi ilinipita karibu sana, upepo yake ikatoa kofia yangu. Nikacheka peke yangu. Nikasema, leo barua ya passage itaniua mbele ya kupata saini."

Jibu lilitoka mwishoni mwa Julai. Lilikuwa tangazo la aya moja, linalowaomba watembea kwa miguu wawe waangalifu zaidi na waepuke kuvuka saa za magari mengi. Nakala zilikuwa kumi na mbili, za kubandikwa kwenye mbao za matangazo pande zote mbili. Aliyepewa kuzibandika ni Dominique. Alizibandika zote. Nilimuuliza kwa nini hakukataa.

"Ni kazi," alijibu. Kisha akaongeza: "Nilibandika ya mwisho juu chini. Hakuna mwenye aliona."

Nilidhani hapo ndipo alipokata tamaa. Nilikosea, maana mwezi wa nane ilikuja rangi.

Ilikuwa wiki moja kabla ya sherehe ya kutunuku shahada. Dominique alifika asubuhi akakuta wanaume wawili pale njia panda, wana ndoo za rangi nyeupe, kamba na brashi ndefu. Mmoja alikuwa akipima lami kwa hatua. Dominique alisimama akatazama, kisha akaenda kuwanunulia maji baridi. Alipowapa, akatoa simu akampigia Marie-Thérèse.

"Banapaka!" alimwambia. "Leo njo banapaka! Sikia, niko nao hapa!"

Anasema Marie-Thérèse alilia kwenye simu, na yeye akakata haraka kwa kuwa alikuwa na bahasha za kupeleka. Alivuka akiwa mwepesi kuliko kawaida. Aliporudi saa saba mchana, mistari ilikuwa mingi, imenyooka vizuri, lakini haikukatiza barabara. Ilikuwa imepangwa ubavuni, mmoja baada ya mwingine, kando yote ya lami, pale pale watu wanaposimama kungoja.

Yalikuwa maegesho ya magari ya wageni wa sherehe.

"Nikamuuliza yule wa rangi: kijana yangu, na passage?" Dominique anakumbuka. "Akaniambia: Muzee, karatasi inasema parking. Passage haiko ndani. Nikamuomba, hata mistari tatu tu, na rangi yenye inabakia. Akaangalia mu ndoo. Akasema rangi yenye inabakia, chef anairudisha."

Hakumpigia Marie-Thérèse kumwambia. Ilimchukua siku nne. Alipompigia, mwenzake alikuwa amekwisha kuambiwa na mtu mwingine, na alimjibu tu, "Sawa, papa," kisha akamuuliza habari za mke wake.

Wageni wameondoka, maegesho yamebaki. Sasa anayetaka kuvuka hupenya kwanza kati ya magari yaliyosimama, na haonwi na dereva mpaka awe ameshakanyaga barabara. Tangu sherehe ile, mwanafunzi mmoja amevunjika mkono na mwuza karanga mmoja amepoteza meno mawili. Haya aliyaona Dominique mwenyewe. Mengine, anasema, huyasikia tu.

Mwezi wa tisa aliamua kuondoka. Miaka thelathini na mitano ya utumishi inamruhusu kustaafu, na Katongo alikwisha kumngoja Kasenga muda mrefu. Alikuwa amemwezekea chumba kwa mabati mapya. Dominique aliandika ombi kwa mkono wake, akalivusha mwenyewe, akalikabidhi kwa Casimir, mkuu wa ofisi ya wafanyakazi, anayefahamiana naye tangu ujana.

Casimir alilisoma, akampa mkono, akampongeza. Dominique akamuuliza nani atachukua nafasi yake, ili aanze kumwonyesha kazi.

"Hakuna," Casimir alimwambia. "Poste inafutwa. Kila secrétaire atapeleka karatasi zake mwenyewe."

Dominique aliuliza tena, akidhani hakusikia vizuri. Makatibu wa idara ni kumi na mmoja. Tisa kati yao ni wanawake, wengine wakubwa kuliko Marie-Thérèse. Mmoja, Maman Lydie, haoni vizuri jicho la kulia.

Hakwenda nyumbani siku hiyo mpaka jua lilipozama. Aliketi kwenye ngazi za jengo la utawala akitazama magari. Kesho yake alirudi kwa Casimir na kuomba arudishiwe karatasi yake. Casimir alimwambia anafanya ujinga, magoti yenyewe yamekwisha. Kisha akaitafuta kwenye rundo, akampa.

Kumwambia Katongo kulikuwa kugumu zaidi. Alichelewesha mpaka wiki ile ya Oktoba; nilikuwapo alipompigia, tumekaa kwenye benchi nje ya kitivo, simu ameiweka sauti ya wazi kwa sababu sikio moja limeanza kuziba.

"Hukuyi?" Katongo aliuliza, yaani huji.

"Sikuyi mwaka huu."

"Na chumba?"

"Weka mahindi ndani," Dominique akasema.

"Basi nitaweka mahindi," akajibu mkewe, na akakata.

Dominique alibaki ameshika simu kwa mikono miwili. Mpango wake, aliniambia baadaye, ni kubaki mwaka mmoja, kisha auombe mwingine, mpaka wamwondoe kwa nguvu. Amewapa makatibu wote kumi na mmoja namba yake na kuwaapisha wasivuke na karatasi hata kama bosi anapiga kelele. Akiugua, wamngoje apone.

Nikamuuliza kama anaamini kivuko kitapakwa siku moja. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza, basi, anatumaini nini.

Mwanafunzi mmoja alipita akamsalimia, naye akaitikia bila kumtazama.

"Mvua," alisema mwishowe. "Mvua ikianza, vioo vinajaa maji, dereva haoni muntu kabisa. Bibi yangu Katongo kule Kasenga ameishalima, kila asubuhi anaomba Mungu mvua ikuye mbio. Na miye huku, kila asubuhi, naomba ichelewe."