Injini Aliyoisikiliza Kipriani

Ukiwa Ruangwa na gari ulilonunua mkononi mwa mtu, na hujui kama injini ni ya kuendelea nayo au ya kuunda upya, hata mtoto wa chekechea angekupeleka kwa Kipriani. Gereji yake iko nyuma ya stendi: bati, mkorosho, na magari yanayosubiri vipuri kwa uvumilivu ambao wenye magari hawana.

Mafundi wengine hufungua injini ndipo waseme. Kipriani alikuwa anasema kwanza. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, mpini akautia sikioni, akafumba macho kama mtu anayefyonza embe. Kisha hukumu: "Fungua," au "Usifungue." Kwa neno hilo moja watu walitoka Nachingwea na vumbi lao.

Ila tangu masika, mkewe Serafina alikuwa ameanza kuongea kama ana ugali mdomoni. Ndivyo Kipriani alivyoona. Kwaya ya kanisani nayo imelegea, na redio za siku hizi ovyo kabisa. Kila kitu Ruangwa kilikuwa kimeharibika, isipokuwa yeye.

Siku moja kijana Lukman akaja na pikapu kutoka Mkotokuyana, korosho zimeshaanza kuokotwa.

"Shikamoo, mjomba. Nataka neno lako tu. Ukisema nzima, kesho napakia korosho. Ukisema mbovu, naishusha injini."

"Marahaba. Washa."

Kipriani akainama, akaweka bisibisi, akasubiri. Kilichomfikia ni mtetemo tu, unapanda mpini, unaingia kwenye taya, unachezesha meno. Akahamisha ncha. Akahamisha tena. Zamani alizijua pistoni moja moja, kama anavyowajua wanawe kwa vikohozi vyao. Leo ilikuwa kama ameichomeka bisibisi kwenye gunia la pamba.

Watu walikuwa wamesimama wanamtazama. Akafanya lililo rahisi.

"Nzima. Usiifungue."

Pembeni alikaa Doreen, muuza chai na maandazi, Mngoni wa Songea, mtani wake wa kila asubuhi. "Nzima?" akapayuka. "Mbona inagonga kama wanatwanga kisamvu mle ndani? We Mmwera, umelala?"

Watu wakacheka. Kipriani alikuwa ameusoma mdomo wake, akaambulia nusu. "Mngoni na injini wapi na wapi! Babu zako walikuja huku kwa miguu. Rudi kwenye maandazi yako, watu waje na nyundo kuyavunja."

Wakacheka zaidi. Siku nyingine Doreen angerudisha tusi la ukoo mzima, pamoja na wakwe. Leo alimtazama, akaacha karai lake jikoni, akaja kumshika mkono.

"Kaka Kipriani," akasema taratibu, uso kwa uso. "Inagonga kweli. Sote tunasikia."

Hakumwita Mmwera. Mtani anayekuita kaka ni kama daktari anayekuuliza ndugu zako wako wapi.

Akamgeukia Lukman. Lukman alikuwa anatazama viatu vyake. Naye alikuwa amesikia. Alikuwa tayari kwenda kupakia korosho za watu kwenye injini mbovu, kwa kuwa mjomba amesema.

"Zima," Kipriani akamwambia.

Akaingia chini ya gari, akafungua nati, oili ikashuka kwenye beseni. Akaisugua kati ya vidole, akaipeleka juani. Ilikuwa inameta. Chembechembe za chuma tupu, beringi zimeliwa. Isingefika hata Nkowe, hapo jirani.

"Hii inashushwa, inaundwa upya," akasema. "Nilichokwambia kifute."

"Basi ishushe wewe, mjomba."

Kipriani akatikisa kichwa. Kufunga nati angeweza hata gizani. Lakini injini iliyoundwa upya, siku ya kuwashwa, inataka mtu wa kuisikiliza.

"Mpelekee Swalehe."

Watu wakatazamana. Swalehe alikuwa mwanafunzi wake, akaondoka kufungua gereji ng'ambo ya soko, na tangu hapo Kipriani hakumwita fundi, alimwita mfungua soda.

Kamba ikafungwa kwenye lori moja la pale stendi. Gari linalovutwa linataka wa kushika usukani. Lukman akafungua mlango, akamkuta Kipriani ameshakaa. Wakavutwa hivyo katikati ya soko. Watu walinyoosha mikono, midomo ikafunguka, naye akaijibu yote, "Salama, salama," bila kujua ameulizwa nini.

Swalehe akatoka anafuta mikono, haamini macho yake, midomo inakwenda mbio. Kipriani akashuka, akauegemea mlango wa pikapu.

"Paza sauti, mwanangu," akasema. "Mimi sisikii tena."