Baba wa Nyuma ya Pazia

Harufu ya sigara ndiyo inayonirudisha Kariakoo, ingawa nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa anavuta. Mama aliiwasha, akaiweka kwenye kisosi karibu na kitanda, ikaungua yenyewe mpaka mwisho. Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, Mtaa wa Sikukuu, mimi na yeye basi; baba alikuwa amemwacha tangu tukiwa Lindi. Mama alikaanga vitumbua alfajiri, akauza nyuma ya soko, na hakumwomba mtu hata chumvi. Lakini miaka ile ya Ujamaa kila mtu alitakiwa awe na kazi inayojulikana, na vitumbua, eti, havikuwa kazi. Mgambo walikuja na lori mchana kweupe kukusanya wazururaji wapelekwe vijijini kulima. Mwanamke asiye na mume alishaitwa malaya kabla hajafungua mdomo.

Siku moja lori lilimchukua Mama Rehema, mjane wa chumba cha mbele aliyekuwa akishona mito. Niliporudi kutoka shule, sufuria yake ya maharage ilikuwa bado inachemka uani, jiko linawaka, kanga yake imeanikwa, mwenyewe hayupo. Hakuna aliyethubutu kuepua. Maharage yaliungua nyumba nzima ikanuka, na wapangaji wakawa wanapita kando ya lile jiko kimya kimya, wakitazama pembeni.

Kesho yake mama akatuletea mwanamume. Alitundika pazia kuzunguka kitanda, akalaza mito chini ya shuka, akanunua mnadani viatu vya kiume vilivyochakaa na kuviweka mlangoni. Sigara nayo ilikuwa yake. "Huyu ni baba yako," mama aliniambia, macho makavu. "Anafanya zamu ya usiku bandarini, mchana analala. Ukipiga kelele utamwamsha." Nilikuwa darasa la kwanza. Nilijua ni mito. Nilijua, jamani! Lakini mama alimpakulia chakula, akakifunika kwa kawa, na jioni sahani ilikuwa tupu. Alimnong'oneza. Alimwomba ruhusa ya kwenda sokoni. Majirani nao wakaanza kushusha sauti wakipita dirishani, na mmoja akasema shemeji anakoroma balaa. Haukupita muda nikawa nanyata chumbani mwetu. Mchana mmoja, mama akiwa uani, niliona lile pazia likivuta pumzi, likaingia ndani, likatoka, na dirisha limefungwa. Mpaka leo sina maelezo.

Mgambo walifika siku ya jua kali, wawili, wakamkuta mama anapepeta mchele. "Mumeo yuko wapi?" aliuliza mkubwa wao. Mama akajibu kama alivyojizoeza: amelala, ametoka zamu. "Mwamshe tumwone." Mama hakunyanyuka, akaendelea kupepeta. Yule mgambo akaingia chumbani, akanyoosha mkono kushika pazia, na mimi nikapiga ukelele, nikamng'ang'ania mguu. "Usimwamshe, mjomba! Akiamka atampiga mama! Atatuua!" Nilikuwa naogopa kweli, namwogopa yule aliyelala mle ndani. Mkono ukabaki hewani. Akanitazama, akamtazama mama, akacheka kidogo. "Loo, kumbe humu mna dume," akasema kwa sauti ya chini, yenye heshima kabisa. Wakaondoka wakinyata.

Mama alikaa sakafuni mpaka magharibi. Nakasirika nikikumbuka. Kuamka kwake alfajiri miaka yote hakukumsaidia kitu, akaja kuokolewa na mwanamume asiyekuwepo, tena kwa sababu tu walisadiki kwamba anapiga.

Siku hizi hakuna lori. Binti yangu ni muuguzi, anakula jasho lake, na hakuna wa kumwita mzururaji. Juzi alikwenda Magomeni kutafuta chumba. Mwenye nyumba akamwonyesha, akasifia maji na umeme, halafu akauliza mume atakuja lini. Aliposema hana, chumba kikawa kimeshapata mtu. Jioni akanipigia simu, sauti imechoka. "Mama, kesho nikienda kwingine nasema ninaye. Yuko safari." Wallahi nilitaka kumkemea, mdomo ulishafunguka. Nikajikuta namuuliza, taratibu, "Safari ya wapi? Anafanya kazi gani? Maana watakuuliza."